Sentimita Moja na Nusu ya Mshono

Sehemu ya saba

Wiki jana tulimwacha fundi wetu pabaya. Mama mkwe kaingia bila hodi, kakaa kwenye kiti cha wateja, kanyoosha mkono rafuni, kalishusha kopo lililoandikwa VIFUNGO VYEUSI, na kidole gumba chake kilikuwa kimeshaanza kusukuma mfuniko.

Ndani ya kopo hilo hakukuwa na kifungo hata kimoja. Si cheusi, si cheupe.

"Mama, hivyo vifungo ni vya mteja," fundi akasema, jasho linamtoka mpaka kwenye magoti.

"Kwani nataka kuvila?" mama mkwe akajibu. "Naangalia tu."

Pwaa! Mfuniko ukatoka.

Sasa wewe uliyechelewa kuingia kwenye kisa hiki, kaa hapo karibu nikuelezee haraka haraka, maana kopo liko wazi na hatuna muda.

Fundi anaitwa Sentimita. Jina la mtaani hilo, kapewa kwa sababu anapima kila kitu, hata mkate kabla hajaukata. Anashona suti na sare chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani mbili, pasi moja. Na bangi amevuta miaka kumi na moja, kwa uaminifu ambao hajawahi kuuonyesha kwa binadamu yeyote.

Mke wake, Mama Kidoti, alichoka. Akamchukua binti yao Kidoti, akaenda zake kwa mama yake. Akaacha sharti moja: fuata mpango wa nesi, punguza taratibu, wiki tano zikiisha uwe umefika nusu. Ukifika, tunarudi nyumbani. Usipofika, usinipigie.

Wiki tano zinaisha kesho. Na mama mkwe katumwa kukagua.

Mwanamke mwenyewe sasa! Miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Wauza nyama wakisikia viatu vyake kwenye kona, wanaanza kuumwa tumbo. Kati ya mama wakwe wote duniani, Sentimita kaangukia huyo. Hongera zake.

Basi. Turudi kwenye kopo.

Misokoto minne ilikuwa imelala juu ya kitambaa laini, imepangwa kwa adabu kama watoto wa chekechea. Pembeni yake ulikuwepo wa tano, mwembamba, mrefu, umechomwa pini yenye kikaratasi: SAMPULI.

"Hii ni nini, Baba Kidoti?"

Fundi alitafuta uongo wa aina sita. Wote ukagoma kutoka.

"Ni ile, mama."

"Ile ipi?"

"Ile aliyokwambia mwanao."

"Mwanangu aliniambia unapunguza. Mbona kopo limejaa?"

"Ndiyo kupunguza kwenyewe, mama!" Sasa akapata nguvu, kifua kikatoka mbele. "Mwanzo kila mmoja ulikuwa sentimita kumi. Kila wiki natoa sentimita moja. Minne kwa siku, haizidi. Leo nimefika tano. Nusu kamili! Huo mrefu ni wa zamani, nimeuweka kama sampuli."

"Sampuli ya nini?"

"Mama, fundi hatupi sampuli."

Mama mkwe akanyoosha mkono, akaivuta tepu ya kupimia shingoni kwa mkwe wake kama mtu anayevuta nyoka mtini. Akaulaza msokoto mmoja juu ya meza ya kukatia. Akapima. Akainua miwani. Akapima tena.

"Sita na nusu."

"Ndiyo, mama."

"Umesema tano."

"Tano ni ya mpango. Hiyo moja na nusu ni ya mshono."

Hata ile redio ya fundi viatu jirani ilinyamaza, sijui umeme ulikatika au nayo ilitaka kusikiliza.

"Ya nini?"

"Ya mshono, mama. Huwezi kukata kitu kipimo kamili. Ukikata suruali bila kuacha nafasi ya mshono, ukija kuishona haimwingii mtu. Kila fundi anajua."

"Sawa," mama mkwe akasema pole pole. "Na huu msokoto, Baba Kidoti, unaushonea wapi?"

Jamani.

Sentimita akaitazama meza, akautazama mkasi, akautazama mkono wake wa kulia kama vile ni wa mtu mwingine, umekuja kumtembelea.

Maana kusema ukweli, hakujua. Miaka ishirini mkono huo umekata vitambaa, na miaka ishirini umeacha moja na nusu pembeni bila kuulizwa. Kila asubuhi kichwa kilisema tano, mkono ukasikia tano na ya mshono. Mwizi alikuwa ndani ya nyumba, tena ameshika mkasi.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama mkwe akasema. "Ya kwako imezidi sentimita moja na nusu."

"Lakini mama, sita na nusu si sawa na kumi! Nimepunguza, hata kama siyo nusu!"

"Unene je?"

"Unene?"

"Huu mrefu ni kama njiti. Hii yako ya leo ina matumbo."

"Mama, ukipunguza urefu lazima upanuke kidogo, vinginevyo hautakaa vizuri mkononi..."

Alisikia mwenyewe anachokisema. Sentensi haikumalizika.

Mama mkwe akafungua mkoba. Wanawake wengine mkobani wana poda, wana kitambaa, wana pipi za kulainisha koo. Huyu akatoa mizani. Ndogo, ya shaba, sahani mbili, zawadi aliyopewa siku ya kustaafu. Akaisimamisha juu ya meza, akaipuliza kuondoa vumbi la chaki.

Sahani ya kushoto, sampuli. Msokoto wa zamani, enzi zile za dhambi.

Sahani ya kulia, msokoto wa leo. Mtakatifu. Matunda ya wiki tano za kujinyima.

Mizani ikayumba. Ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikatetemeka.

Ikatulia katikati.

Sawasawa! Kama mapacha wa tumbo moja!

"Wiki tano," mama mkwe akasema. "Umepunguza nini?"

"Urefu, mama," fundi akajibu kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza.

Na hapa ndipo nitawaomba mumwonee huruma kidogo, kama mnaweza, mimi imenishinda. Maana mtu huyu kwa wiki tano ameteseka! Amelalamika mikono kutetemeka. Amelalamika kukosa usingizi. Wateja wamemwambia pole. Fundi viatu amemletea maji ya limau kila mchana, akimpigapiga begani, "Jikaze, kaka, vita ni ngumu." Vita gani? Adui alikuwa hajaguswa hata ukucha!

Mama mkwe akasimama. Akabeba kopo. Akaelekea mlango wa nyuma, kule kwenye choo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kumaliza hadithi. Unaacha leo. Yote."

"Mama, hapana!"

Akamkimbilia mbele, akatanua mikono mlangoni bila kumgusa, maana mkwe hagusi mkwe hata nyumba ikiungua. Wakabaki hivyo, yeye kama kipa, mama kama mshambuliaji.

"Ona anavyoilinda!" mama mkwe akafoka. "Angemlinda mke wake hivi!"

"Nilishawahi kuacha siku moja, mama! Nilimwaga yote, hapo hapo unapokwenda. Jumapili. Nikatoa na hotuba. Jumanne nilikuwa nimelowa jasho kama nimetoka kisimani. Silali, sili. Jumatano Kidoti anahesabu kwa sauti, anafanya hesabu zake za shule, moja, mbili, tatu... nikarusha pasi."

Mama mkwe akasimama tuli.

"Ile pasi?"

"Ilipiga ukuta. Alama hiyo hapo."

Kweli ilikuwepo, nyuma ya cherehani ya pili, kalenda imening'inizwa juu yake kwa aibu.

"Mwanangu aliniambia ulirusha pasi kwa sababu ya bangi."

"Kwa sababu ya kuikosa, mama. Alhamisi nikairudia, mara mbili ya mwanzo. Ijumaa wakaondoka. Ukilimwaga leo, kesho wanakuja kumkuta mtu yule yule wa Jumatano. Nesi alisema mtu wa miaka mingi kama mimi ni bora nishuke ngazi, nisiruke dirishani."

Mama mkwe akalitazama kopo. Akautazama ukuta.

"Huyo nesi yuko wapi?"

"Zahanati hapo mbele, dakika kumi kwa miguu."

"Vaa viatu. Twende nikamsikie mwenyewe."

Zahanati ilikuwa na benchi mbili, feni moja iliyostaafu, na mlango wenye karatasi: INGIA MMOJA MMOJA, HATA MKIWA MAPACHA. Mama mkwe, mtu wa sheria, aliisoma mara mbili, akakaa benchini, mkoba mapajani.

"Ingia. Na umwambie ya mshono. Usipomwambia, nitamwambia mimi kupitia dirishani."

Sentimita akaingia. Nesi alikuwa na miwani juu ya paji la uso na anaitafuta mezani.

"Fundi! Wiki ya tano! Tumefika nusu?"

Akamwambia. Yote. Mshono, matumbo, mizani, mapacha.

Nesi alijaribu kuwa mtaalamu. Alijaribu kweli. Akakohoa, akageukia ukutani, mabega yakawa yanaruka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Samahani. Mafua."

"Cheka tu, nesi. Leo kila mtu anacheka."

"Haya, sikiliza. Hujaharibu kitu. Hujaanza tu. Leo ndiyo wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza? Nesi, mimi nimeshapitia jasho, ndoto za ajabu..."

"Umepitia wapi, wewe hujapunguza hata chembe? Hayo yanakuja sasa. Utatoka jasho, chakula kitakuwa kama karatasi, na utamchukia kila anayepumua karibu yako. Siku za mwanzo ndizo mbaya, halafu zinalegea. Usingizi ndio utachelewa kurudi, uvumilie. Kunywa maji, tembea jioni, na usije ukaziba pengo kwa pombe."

"Na sentimita?"

"Sentimita achia suruali. Tunapima uzito. Kila wiki tunatoa kidogo. Ukizidiwa, unabaki hapo hapo wiki moja zaidi, lakini hupandi. Haba na haba hujaza kibaba, na hivyo hivyo ndivyo kinavyomwagwa. Ule wa kwanza wa siku unavuta saa ngapi?"

"Nikifungua macho."

"Usogeze. Wiki hii mpaka baada ya chai. Wiki ijayo mpaka saa sita mchana. Unachanganya na tumbaku?"

"Kidogo. Kwa ladha."

"Kwa ladha! Utaachana na mmoja ubaki umeolewa na mwingine. Toa tumbaku. Na ukishavuta, hugusi mkasi wala cherehani ya umeme, vidole havina sampuli. Moyo ukikimbia hautulii, au ukisikia mtu anakuita na hakuna mtu, usingoje miadi. Unakuja siku hiyo hiyo."

Simu ya fundi ikalia.

MAMA KIDOTI.

Fundi akaishika kama pasi ya moto.

"Pokea," nesi akasema. "Weka sauti ya nje, labda ana swali la kuniuliza na mimi."

Akaiweka mezani, katikati ya mafaili.

"Baba Kidoti. Mama hapokei simu. Amefika?"

"Amefika."

"Amekuta nini? Umefika nusu?"

Hebu fikiria na wewe. Neno moja tu. "Ndiyo." Nesi anatazama dari, mama mkwe yuko nje, mlango umefungwa. Ndiyo, na kesho mke yuko ndani ya nyumba, mizani tutajua baadaye.

Halafu kwa nyuma ikasikika sauti ndogo: "Mama, muulize baba kama amefika nusu! Mwambie nimeshapanga viatu vyangu kwenye begi!"

Mbaya hiyo. Afadhali pasi.

"Mama Kidoti," fundi akasema. "Sijafika nusu. Sijafika popote. Nilikuwa nakata tano, halafu mkono unaongeza ya mshono. Halafu nikanenepesha. Mama kaipima kwa mizani yake. Uzito ni ule ule wa siku mliyoondoka."

Nesi akainama kuangalia kama simu imekatika.

"Ya mshono," mke akasema hatimaye.

"Ya mshono."

"Yaani wewe mwanamume umeiachia bangi nafasi ya mshono."

"Nakuapia sikujua. Nimejua leo asubuhi."

Ikatoka sauti ambayo hakuielewa. Kicheko au kilio, au vyote viwili vinagombania mlango. Kisha:

"Unajua, miaka tisa ya ndoa, hii ndiyo mara ya kwanza unanipa habari mbaya kwa mdomo wako, kabla sijaikuta mwenyewe kwenye mfuko wa suruali."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho tunakuja."

Sentimita akashika ukingo wa meza ya serikali kwa mikono miwili.

"Ngoja, sijamaliza. Kwa sharti. Hilo kopo hulishiki tena. Atalishika mama. Anahamia hapo kwetu, analala chumba cha vitambaa, kila asubuhi anakupimia kwa mizani yake, anakupa cha siku, anafunga. Mpaka liishe lote."

Wasomaji, kuna adhabu za mahakama na kuna adhabu za ukoo. Mkwe, asubuhi asubuhi, na taulo begani, anapanga foleni kwa mama mkwe kupokea bangi! Hata shetani angeomba mapumziko.

"Mama Kidoti, hakuna mtu mwingine? Hata fundi viatu?"

"Hakuna. Mimi nimechoka kuishi na watu wenye makopo ya vifungo visivyo vifungo. Nataka mtu mmoja ndani ya hiyo nyumba asiye na cha kuficha, na huyo ni mama yangu. Kama siyo yeye, Kidoti atapangua viatu. Umenielewa?"

"Nimekubali," fundi akasema.

"Sharti zuri," nesi akadakia, kafurahi. "Kopo likishikwa na mtu mwingine, nusu ya kazi imekwisha. Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Hapo nje, kwenye benchi."

"Mwite basi, nimwonyeshe namna ya kupima."

Fundi akafungua mlango. "Mama, unaitwa." Mama mkwe akainuka, akanyoosha gauni, akaingia mwendo wake ule ule wa sokoni, kidevu juu, ko ko ko.

Nesi akaipata miwani yake. Akaivaa. Akamwangalia aliyeingia.

Uso ukamng'aa.

"Eh! Mama yangu! Mbona leo? Wewe si wa Alhamisi?"

Kumbe nesi huyu kila Alhamisi anahamia hospitali kubwa, ng'ambo ya mji! Na ng'ambo ya mji ndiko mama mkwe anakokwenda, siku anazosema amekwenda kuwasalimia wastaafu wenzake!

Viatu vikakoma katikati ya chumba.

"Au vimekushinda tena?" nesi akaendelea, kwa upendo wote. "Vile vidonge vya usingizi, si tulikubaliana umeze nusu nusu? Na vile ulivyoficha kwenye soksi ukaniahidi utavileta, viko wapi?"

Hapo ndipo akaona uso wa mama. Akaona uso wa fundi. Akaiona simu katikati ya mafaili, taa yake inawaka. Mkono ukaruka kuziba mdomo. Maji yalikuwa yameshamwagika.

"Vidonge gani?" simu ikauliza.

Nesi akainama kupanga mafaili.

"Baba Kidoti? Nesi anaongea na nani hapo?"

Mama mkwe akashika kiti. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, akamtazama mkwe wake moja kwa moja machoni. Hakuwa mkaguzi tena. Alikuwa mama wa mtu, mzee, mwenye soksi. Akatikisa kichwa taratibu: hapana. Midomo ikacheza bila sauti. Nakuomba, mwanangu.

"Mimi nimesikia vidonge, nimesikia na soksi," sauti ya mke ikapanda. "Nakuuliza mara moja tu, na kesho yetu iko kwenye jibu lako. Huyo aliyeingia hapo ni mama yangu, au siyo mama yangu?"

Sentimita akaivuta simu mpaka karibu na kidevu. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, na safari hii ulitetemeka kweli.

Akavuta pumzi.

"Mama Kidoti," akasema, "huyo aliyeingia..."

Itaendelea wiki ijayo.